Maoni ya Msimamizi

Mimi ni mwanamke, mwalimu mkuu wa shule ya msingi upande wa Ujiji, na mdomo wangu haujui kupumzika. Nalisema hilo mapema ili asije mtu akadhani kwamba katika mambo haya nilinyamaza kwa upole. Nimegombana na wazazi, na wajumbe wa kamati, na mbuzi wa jirani anayekula maua yetu. Kitu kimoja tu ndicho sikuwahi kugombana nacho: kitabu chenye mistari, safu na mhuri. Nikipewa kitabu nakijaza, na nikishakijaza najiona nimemaliza kazi.

Afisa wa probesheni alimleta yule fundi asubuhi moja ya Jumatatu, wakati watoto wako mstarini. Alikuwa mwanamume wa miaka arobaini hivi, mrefu, mwenye mabega ya mtu aliyepasua mbao tangu utoto, lakini alitembea kama aliyeazima viatu. Alisema "Shikamoo mwalimu" akiangalia sakafu. Mikono yake ilikuwa inatetemeka, akawa anaificha mgongoni.

Barua ya mahakama niliisoma mbele yao. Fundi huyu alikuwa akijenga boti za uvuvi pale Bangwe, na wavuvi walikuwa wakimsubiri kwa zamu. Mwaka uliopita aliacha kulala. Baada ya siku kadhaa bila usingizi alichukua tezo yake akaenda Mwandiga, akabomoa vibanda viwili vya biashara, akazipanga mbao kando ya lami akisema anajenga boti. Mwandiga, ambako maji ya karibu ni ya bomba! Nilicheka niliposoma hapo, Mungu anisamehe. Fundi naye alitabasamu kidogo, kwa adabu, kama mtu anayesikia habari za jirani.

Afisa hakucheka. Alieleza kwamba daktari alithibitisha ni ugonjwa, kwa hiyo hakimu hakumpeleka gerezani, alimpa kifungo cha nje kwa masharti mawili. Atafanya kazi shuleni kwangu asubuhi nne kwa wiki. Na Jumatano ya kwanza ya kila mwezi atakwenda kliniki ya afya ya akili, hospitalini, kuchomwa sindano. Akivunja masharti anarudi mahakamani, na safari hiyo anaweza kwenda ndani kweli.

Kisha akanikabidhi kitabu. Kilikuwa na safu ya tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, kazi aliyofanya, sahihi yake, na mwishoni maoni ya msimamizi. Msimamizi ndiye mimi. Safu ya dawa haikuwepo, wala ya usingizi, na mimi sikuuliza kwa nini. Nilifurahi kwamba nimepata mtu wa kufyeka nyasi bila kusumbua wazazi.

Furaha hiyo haikumaliza wiki. Fundi alikuwa mzito mno. Ukimpa fyekeo, anasimama nalo kwanza, analitazama, anafyeka mara tatu, anapumzika. Akibeba ndoo ya maji, nusu inamwagikia miguuni kwa kutetemeka. Wakati mwingine namkuta ameketi chini ya ukuta wa darasa la tatu, mdomo wazi, mate yanamtoka, na watoto wanachungulia dirishani wakimwiga. Watoto niliwachapa kwa maneno. Na yeye nilimwandika. Kwenye safu ya maoni, kwa mwandiko wangu mzuri ambao nausifia mwenyewe, niliandika: "Mvivu. Anasinzia kazini." Wiki iliyofuata: "Hana juhudi." Iliyofuata: "Kama wiki iliyopita."

Mwisho wa mwezi afisa alikuja kukagua kitabu. Alisoma, akakuna shingo, akasema maoni ya namna hii akiyapeleka mahakamani hali inaweza kuwa mbaya. Nikamjibu kwamba mimi naandika ninachokiona. Alikuwa na watu wengi wa kuwafuatilia kutoka huku mjini hadi vijijini, na pikipiki yake ilikuwa mbovu. Alifunga kitabu akaondoka kwa miguu.

Kesho yake akaja dada yake fundi. Huyu ni mama mtu mzima, anauza mawese na dagaa pale Buzebazeba, na fundi anaishi kwake. Hakukaa kwenye kiti nilichompa.

"Mwakeye, mwalimu," alinisalimia kwa lugha ya kwao. "Nimekuja kwa ajili ya mdogo wangu. Nasikia umemwandika mvivu."

"Nimeandika anavyofanya, mama."

"Yoo! Yule mvivu? Yule akiwa mzima anamaliza boti watu hawajamaliza kuhesabu mbao. Ile ni sindano, mwalimu. Sindano inamkaza mwili. Lakini usiku analala. Unajua mimi nimekaa muda gani bila kumwona amelala? Sasa analala, anakoroma, namsikiliza nafurahi. Nakuomba ulifute lile neno."

Nilimwambia kitabu cha serikali hakifutwi. Nililisema hilo kwa sauti ninayotumia kufundishia walimu wapya, na nikaongeza kwamba nitakachoweza ni kuandika vizuri zaidi mbele ya safari. Alinishukuru kana kwamba nimempa kitu. Alipotoka niliona aibu, lakini aibu yangu ilikuwa ya muda mfupi, kengele ilipolia ikaisha.

Tangu siku hiyo nikawa naandika "Anajitahidi," hata siku ambazo hajitahidi. Nilidhani hapo ndipo nilipomsaidia.

Kisha tukapata habari kwamba wageni wanakuja kutoka halmashauri kuangalia vyoo vyetu vipya. Wageni wanaotangazwa mapema ndio wanaonitoa roho, maana kila mtu anajua cha kufanya na hakuna anayefanya. Milango ya vyoo ilikuwa haijapakwa rangi. Mawe ya njia yalikuwa hayajapakwa chokaa. Wageni walikuwa wanakuja Alhamisi, na fundi alikuwa amefika Jumatano asubuhi na kadi yake ya kliniki mfukoni, amekuja kuniaga tu.

"Leo siku ya sindano, mwalimu," alisema.

"Sindano haina miguu, haitakimbia," nikamwambia. "Nimalizie milango hii. Utaenda wiki ijayo."

Alinitazama. Nakumbuka alinitazama sana, kisha akairudisha kadi mfukoni akachukua brashi. Alikuwa mtu wa kufuata amri. Mahakama ilimwambia aende kliniki akawa anaenda, mwalimu mkuu akamwambia asiende naye akabaki. Alipaka rangi mpaka saa nane mchana. Wageni walikuja wakakaa robo saa, vyooni hawakuingia.

Wiki iliyofuata sikumkumbusha. Sitatafuta maneno ya kulizunguka hilo: nilisahau.

Baada ya wiki tatu mikono yake iliacha kutetemeka. Nikamwona siku moja anacheka na mpishi wa uji. Akaanza kufika mapema, kabla ya mlinzi kufungua geti. Aliniomba ruhusa ya kuyaangalia madawati mabovu tuliyokuwa tumeyarundika nyuma ya stoo, akaja na tezo yake na randa na misumari aliyoinyoosha mwenyewe, na kwa siku chache madawati yale yakawa yanasimama imara kuliko mapya. Walimu walitoka madarasani kumtazama akifanya kazi. Kwa kweli ilipendeza: mbao inamtii, na yeye anaongea nayo, anaimba, anatoa maelekezo kwa watoto jinsi ya kushika msumari wasijigonge. Mimi nilisimama pale na kikombe changu cha chai nikajisikia kama ni mimi niliyemtengeneza.

"Kliniki unaenda?" nilimwuliza mara moja tu.

"Naenda, mwalimu. Lakini hata wewe unaona," akanyoosha mikono yake mbele yangu, imetulia kabisa. "Niliporuka ile moja tu, mwili ukarudi. Ugonjwa ulikuwa ile sindano."

Kichwani mwangu nikakubaliana naye. Dada mtu alikuwa amekuja mwenyewe kuniambia kwamba sindano inamkaza. Nikaunganisha yale niliyotaka kuyaunganisha, na lile la usingizi nikaliacha pembeni. Nikaandika: "Mchapakazi." Nikaandika: "Amebadilika kabisa." Na mwisho wa mwezi, kwa kuwa nilikuwa na furaha na wino ulikuwa unatiririka vizuri, nikaandika: "Mfano wa kuigwa na wengine."

Afisa aliposoma alifurahi mno. Watu wake wengi walikuwa wanatoroka, na huyu hapa anafanya kazi za ziada. Alinakili maoni yangu yote katika ripoti, akaipeleka mahakamani, na hakimu, kwa kuona tabia njema, akamfutia muda uliobaki. Kifungo cha nje kikaisha miezi kadhaa kabla ya wakati wake. Walimu walimpigia makofi ofisini. Nilimpa mkono. Aliomba nakala ya ile ripoti, akaikunja mara nne, akaiweka mfuko wa shati.

Siku ya pili yake dada yake alikuja tena. Safari hii alikaa kwenye kiti.

"Mwalimu, halali," alisema. "Halali kabisa. Anatembea uani, anapima ukuta kwa kamba, anasema nyumba yangu ina mbao nzuri. Nimetafuta kadi yake ya kliniki. Ina alama za mwanzo tu. Kumbe amekuwa akiniaga anaenda hospitali, anakuja hapa kwako."

Nilimweleza habari ya milango ya vyoo. Ningeweza kuificha, lakini nilimweleza. Mama yule hakunitukana. Angenitukana ningejua la kujibu. Alisema tu, "Imana yanje," yaani Mungu wangu, akashika tama.

Tulikwenda wote kwa afisa wa probesheni. Alitusikiliza, akatoa jalada, akatuonyesha lilivyopigwa mhuri. Kufungwa kwa jalada maana yake hana tena mamlaka juu ya mtu huyu, hawezi kumwamuru hata akate kucha. Kilichokuwa kinampeleka kliniki ni amri, na amri imekwisha kwa sababu ya sifa. Hakusema sifa za nani. Aliahidi atakuja siku moja kukichukua kile kitabu.

Tukaenda kliniki. Muuguzi wa afya ya akili, mwanamke mpole mwenye foleni mpaka mlangoni, alimkumbuka fundi vizuri. Alisema tumlete tu, sindano ipo. Tukamwambia hakubali kuja. Akasema tumbembeleze. Tukamwambia tumebembeleza. Akasema kwamba asipokubali, na kama hajawa hatari kwa mtu, ni vigumu, labda polisi waletwe na sababu.

"Sababu gani?" nilimwuliza, sauti imenipanda.

"Awe amefanya kitu, mama."

"Kwa hiyo tungoje afanye kitu?"

Muuguzi aliangalia foleni yake. Akamwita mgonjwa aliyefuata.

Fundi mwenyewe aliendelea kuja shuleni. Kifungo kimekwisha, hakuna aliyemwita, lakini kila asubuhi saa moja kamili yuko getini na tezo yake, na akifika ofisini anadai kitabu asaini. Mwanzoni nilimpa. Nilifikiri akiwa mbele ya macho yangu ni afadhali. Alikuwa amekonda. Aliongea haraka, sentensi moja juu ya nyingine, na macho yake yalikuwa mekundu. Siku ya tatu nilimkuta nyuma ya stoo ameyafungua madawati sita, yale yale aliyoyatengeneza, na mbao zake amezipanga ardhini kwa mpindo ambao kila mtoto wa ziwani anaujua.

"Hii ya shule, mwalimu," aliniambia kwa furaha. "Watoto wote wanaingia."

Hapo nikafanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nafunika uso. Niliingia ofisini, nikajifungia, nikaandika barua. Niliandika kwamba mahakama imeagiza aendelee na sindano kila mwezi hadi itakapoelekezwa vinginevyo. Lugha ile naijua. Nikaitia tarehe na kumbukumbu namba, nikachukua mhuri wa shule nikaugonga kwa nguvu zote, nikamwita. Nilijua anaamini karatasi. Mtu aliyefuata karatasi kwa miezi yote ile atafuata na hii, nilijiambia.

Aliisoma mpaka mwisho, akisogeza kidole. Kisha akanirudishia kwa mikono miwili, kwa heshima, kama mtoto anayerudisha daftari la mwenzake.

"Huu ni mhuri wa shule, mwalimu," alisema. "Wa mahakama una bibi na bwana."

Akatoa mfukoni nakala yake ya ripoti, imechakaa kwenye mikunjo, akaifungua juu ya meza yangu. Mhuri wa ngao ya taifa, ule wa bibi na bwana, ulikuwepo pale chini. Juu yake maneno yangu yote. "Mchapakazi. Amebadilika kabisa." Alinisomea kwa sauti. Alisema kila anayemwambia ni mgonjwa, hata dada yake, humwonyesha karatasi hii, nao hunyamaza.

"Wewe mwenyewe umeandika," alisema. Hakuwa ananisuta. Alikuwa ananikumbusha.

Mimi, mwenye mdomo huu, nikaikunja barua yangu nikaitia kwenye droo.

Kamati ya shule ilikuwa imeshaanza kulalamika. Wazazi hawataki mtu mwenye tezo karibu na watoto, na siwezi kuwalaumu, hata mimi nisingetaka. Lakini aliyekata shauri ni dada yake. Alikuja jioni nyumbani kwangu, akasimama mlangoni, akakataa kuingia.

"Nenda ukamshitaki," aliniambia. "Madawati si ya serikali? Kaseme ameyavunja. Afadhali avunje mbao zako kuliko siku moja akutane na mtu. Wakimkamata, hakimu atampa tena nje, na sindano."

"Na asipompa nje? Afisa alisema safari ya pili—"

"Mwalimu," alinikatiza, "mimi nimechoka kumchungulia. Nenda."

Nikaenda. Asubuhi nilikaa kituoni mbele ya askari nikatoa maelezo kwamba mtu fulani ameharibu madawati sita ya shule. Askari aliuliza kama madawati hayo yalikuwa mazima. Nikasema yalikuwa mazima. Hakuuliza nani aliyeyafanya kuwa mazima, na mimi sikusema. Nilisema ni mgonjwa, nikasema mara tatu, na askari alinihakikishia kwamba hilo mahakama italiangalia.

Walikuja saa nne, askari wawili, kwa utulivu. Watoto walikuwa darasani. Fundi alikuwa nyuma ya stoo anachonga. Alipowaona aliweka tezo chini bila kuambiwa, akajipangusa vumbi la mbao, akawaomba dakika moja. Nilidhani atakimbia. Alikuja moja kwa moja mlangoni kwangu.

"Mwalimu, kitabu," alisema. "Niandikie saa ya kutoka. Niliingia saa moja, wasije wakasema nimetoroka kazi."

Askari walinitazama. Nilitoa kitabu kwenye droo. Nikaandika tarehe, saa moja kamili, saa nne na dakika kumi, kazi ya useremala. Akatia sahihi yake, ndefu, yenye mkia. Ikabaki safu ya mwisho, na kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Niliandika neno ambalo nilipaswa kuliandika tangu siku ile mikono yake ilipoacha kutetemeka. Niliandika: "Mgonjwa."

Aliinama akalisoma. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu nilimwona anaumia usoni, kama mtoto aliyepewa alama za chini mbele ya wenzake.

"Futa, mwalimu," alisema. "Andika mchapakazi."

"Kitabu cha serikali hakifutwi," nilimwambia.

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Mdomo ulisema wenyewe. Alitikisa kichwa kukubali, kwa sababu alikuwa mtu wa kufuata amri, akatoka na askari wake, akapanda gari bila kusukumwa.

Hakimu wa safari hii ni mwingine. Ameamuru fundi akae mahabusu mpaka ripoti ya daktari ifike, na ripoti haijafika. Dada yake anampelekea chakula, anasema amekonda na bado halali, na sindano haijaanza kwa sababu wanangoja ile ile ripoti. Mimi nimekwenda mahakamani mara nne, nimepaza sauti mara nne, na mara nne nimeombwa nikae chini.

Kitabu bado kiko kwenye droo yangu. Afisa hajaja kukichukua na hatakuja, jalada lake lilifungwa zamani. Siku ile, na yule mtu amesimama mbele yangu ananiomba, hakikuwa kitabu cha serikali wala cha mtu yeyote. Ningeweza kufuta.